Jiwe la kuponya lisilopoza mchezo: chukueni pazahari

Swali: "Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi, kwetu Wete. Tupo watano tunatunga mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kukaa mezani na dadu, karatasi na mwongozaji mmoja. Hadithi inatokea katika kisiwa cha kubuni kinachofanana na Pemba ya zamani. Tunataka jiwe la kuponya lenye asili katika ngano za watu, lakini kila tukilijaribu mchezo unapoa, maana hakuna anayeogopa kufa tena. Lipo jiwe la namna hiyo? Lifanyeje kazi? Tunaweza kulitia Pemba bila kuwakosea wazee wetu? Na tuliiteje?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimelifurahia zaidi, kwa sababu ugonjwa wa mchezo wenu umeshautaja mwenyewe. Dawa inayoponya kila kitu huimaliza hadithi. Mtu akijua mfukoni mwake mna kitu cha kumrudishia uzima wote, ataogopa panga kwa nini? Ataamka usiku kwenda kumbishia hodi mganga kwa nini? Na mganga mwenyewe, mliyemtungia jina na nyumba na tabia, atabaki hana kazi.

Jiwe lipo. Ni pazahari. Neno ni la Kiajemi, padzahr, maana yake kinga ya sumu. Waarabu walilichukua wakalitamka kwa ndimi zao, na Ulaya likafika likiwa bezoar. Kwa Kiswahili mimi naliandika pazahari, na mkilipenda litumieni.

Ni jiwe lisilochimbwa. Linazaliwa tumboni mwa mnyama, na yaliyosifika kuliko yote yalitoka kwa mbuzi mwitu wa milima ya Uajemi. Mnyama humeza kokwa, au kijiti, au manyoya yake mwenyewe anapojilamba. Kitu kile kikikwama tumboni, huvikwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, mwaka baada ya mwaka, mpaka kinakuwa duara laini linaloteleza mkononi, rangi yake hudhurungi au kijani iliyofifia. Mchinjaji hulikuta anapopasua tumbo. Mbuzi wengi huchinjwa wasiwe nalo, na ndiyo sababu lilikuwa ghali.

Kazi yake ya asili ilikuwa moja: kuzuia sumu. Halikuunga mfupa uliovunjika, halikufunga jeraha la panga, halikumrudishia mtu damu iliyomwagika. Baadaye wauzaji waliliongezea sifa, wakasema linatibu homa, tauni na moyo mzito, kama wauzaji wafanyavyo siku zote. Nyinyi rudini kwenye sifa ile ya kwanza. Ngano za zamani juu ya mawe ya tiba ni za kubana sana. Jiwe hili kwa maradhi haya, kwa njia hii, na kwa wakati huu. Uhuru wa kuponya kila kitu ni wa michezo ya siku hizi, na ndio uliowaponza.

Namna ya kulitumia nayo itawafaa. Lilikwaruzwa, unga wake ukatiwa katika kinywaji. Hapa sisi wa visiwani tuna chombo tayari. Bibi yako bila shaka ana msio, lile jiwe gumu la kusagia liwa. Mweke tabibu wenu mbele ya msio, amimine maji ya mawaridi kidogo, asugue pazahari polepole mpaka maji yageuke rangi, kisha akombe alichokipata kwa kidole amnyweshe mgonjwa. Mchezaji yeyote wa Wete au Mkoani ataiona picha hiyo na kuisikia harufu yake bila kuelezwa zaidi.

Na kila likisuguliwa linapungua. Huu ndio moyo wa jambo lenu.

Mimi ningelipa jiwe mikwaruzo 12, iandikwe kwenye karatasi ya mchezaji mbele ya macho ya wote, na kila ikitumika mmoja ukatwe kwa wino. Mhusika aliyelishwa sumu akinyweshwa kabla ya saa moja ya mchezo kupita, atupe dadu yenye pande 20 mara mbili na achukue namba kubwa. Saa ikipita, atupe mara moja tu. Usiku ukipita, jiwe halina kazi naye tena. Halimrudishii nguvu alizokwisha poteza. Linasimamisha tu zisiendelee kupotea. Ajiuguze mwenyewe, alale, auguzwe na wenzake. Hapo mtaona mezani jambo ambalo mlikuwa hamlipati: watu watano wanajadiliana kwa dhati kama yule mvuvi waliyemkuta ufukweni, ambaye hawamjui, anastahili mkwaruzo mmoja kati ya mitatu iliyobaki.

Sasa ongezeni shaka, kwa sababu historia ya jiwe hili imejaa shaka, na iliyo nzuri kweli.

Al-Biruni, mwanachuoni aliyefariki karibu na mwaka 1050, aliandika kitabu kizima juu ya vito. Zama zake ilisemwa kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka. Akamvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi chini yake, akaendelea kumwangalia miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi. Macho ya nyoka yalibaki vile vile. Nampenda sana mtu huyu. Aliishi katikati ya watu walioamini, akawaheshimu kiasi cha kuyapima maneno yao badala ya kuyacheka.

Kisa cha pili ni kizito. Katika karne ya 16 Mfalme Charles IX wa Ufaransa aliletewa pazahari, akamuuliza mpasuaji wake, Ambroise Paré, kama kweli lipo jiwe linalozuia kila sumu. Paré akasema haliwezekani, kwa kuwa sumu haziui kwa njia moja. Kulikuwa na mpishi aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani mbili za fedha. Akapewa hiari: anywe sumu, kisha apewe jiwe, akipona aachiwe huru. Alikubali. Akafa kwa mateso baada ya saa saba hivi. Sumu aliyopewa ilikuwa ya zebaki. Miaka mingi baadaye wanakemia walieleza kwamba mawe ya namna hii yanaweza kuinasa sumu nyingine, aseniki, kwa sababu ya fosfati na manyoya yaliyooza ndani yake. Kwa hiyo hata ngano ilikuwa na chembe ya ukweli, lakini chembe ile haikumfaa mpishi yule.

Fanyeni hivyo hivyo. Gaweni sumu za kisiwa chenu katika koo tatu: za mimea, za wanyama, za madini. Pazahari ishinde koo mbili na ishindwe na moja, na mwongozaji peke yake ndiye ajue ni ipi. Wachezaji wataijua siku watakapomzika mtu.

Kisha kuna mawe ya bandia. Mwaka 1603 huko Uingereza sonara alishitakiwa na mteja wake, kwa kuwa alikuwa amemuuzia jiwe kwa pauni 100, mali nyingi mno wakati ule, akimwambia ni pazahari, na kumbe silo. Kesi inaitwa Chandelor v Lopus, na wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo. Mahakama ilisema kutamka tu kwamba ni pazahari hakutoshi. Mnunuzi angepaswa kupata dhamana ya muuzaji. Mteja akaondoka na jiwe lake. Fikirini dalali wa kisiwani kwenu anayejua vizuri sheria hiyo, anayechagua maneno yake kwa uangalifu: "Nimeambiwa ni pazahari." "Mwenyewe aliyeniletea aliapa." Mchezaji mwerevu atasikia kwamba dalali hajaapa yeye.

Wanunuzi walikuwa na njia zao za kupima. Walichoma kwa sindano ya moto waone kama litayeyuka au kutoboka kama utomvu. Walilisugua juu ya karatasi iliyopakwa chokaa waone kama litaacha alama ya kijani au njano. Mpeni mhusika mmoja ujuzi huo, awe mtoto wa sonara au mwanagenzi wa duka la dawa, na umuhimu wake katika kundi utapanda ghafla, ingawa upanga hawezi kuushika.

Na wapo waliotengeneza mawe kwa mikono wakayauza hadharani. Katika karne ya 17 Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, wa Goa huko India, mmoja wao akiitwa Gaspar Antonio, walichanganya pazahari, ambari, miski, lulu, marijani na vito vilivyosagwa, wakafinyanga matonge, wakayapaka dhahabu. Matajiri waliyahifadhi ndani ya vikasha vya dhahabu vilivyotobolewa nakshi, wakayakwaruza ndani ya kinywaji. Soma tena orodha ile, mwanangu: ambari, miski, lulu, marijani. Hakuna neno hata moja la kutafsiri. Maneno hayo yamo kinywani mwetu kwa sababu bidhaa zenyewe zilipita bandarini mwetu.

Ambari hasa ni yetu. Al-Mas'udi alifika mwambao huu mara ya mwisho mwaka 916, katika kisiwa alichokiita Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiweka Pemba, na Ras Mkumbuu ndiyo inayotajwa zaidi. Aliandika kwamba ambari bora ni ile inayopatikana katika bahari ya Zanji, yaani bahari ya mwambao huu. Kwa hiyo kisiwa chenu hakina haja ya kuwa mpokeaji tu. Jiwe la kutengenezwa linahitaji ambari, na ambari inaokotwa ufukweni mwenu.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye swali la Pemba, na nataka nikae hapa kidogo.

Unguja na Pemba hazina machimbo ya vito. Mawe yetu ya kujengea ni matumbawe. Kila akiki, kila feruzi, kila yakuti iliyowahi kuvaliwa Mji Mkongwe ilishuka kutoka chomboni. Msiwe na haya na hilo, lifanyeni kanuni. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, majahazi yanashuka kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Pazahari mpya zinaingia sokoni, bei inashuka, na za bandia zinaingia pamoja nazo. Kusi ikishika, manahodha wamekwenda zao. Mwezi wa Julai mtu akilishwa sumu kisiwani mwenu, mawe yaliyopo ni yale yale yaliyoachwa, na wenye nayo wanajuana. Mwongozaji aweke kalenda ya pepo mezani. Ninawahakikishia itawatia hofu kuliko joka lolote.

Nani atakuwa nalo wakati wa kusi? Jiulizeni nani anaogopa sumu. Mvuvi haogopi, hakuna anayemtilia sumu mvuvi. Anayeliweka pazahari chini ya mto ni mtawala aliyewaonea watu. Mnayajua magofu ya Pujini, na mnajua yanayosimuliwa juu ya Mkama Ndume, kwamba aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio, wasiruhusiwe kusimama. Tungeni mtawala wenu mwenyewe, kwa jina jingine, lakini mpeni ukali wa simulizi ile. Mtu aliyewalazimisha wenzake kubeba mawe namna hiyo hawezi kula chakula kilichopikwa na mtu yeyote bila ya kutetemeka. Jiwe moja la kweli kisiwani liko kwake. Na mtoto wa kijijini ameumwa na kitu ambacho wazee hawakijui. Mchezo wenu umeanza.

Kuhusu kuwakosea wazee, nitasema wazi ninavyoona. Msiigeuze mizimu kuwa masanduku ya hazina. Mahali kama msitu wa Ngezi pana sehemu ambazo watu wanaziheshimu mpaka leo; huingia kwa kuomba ruhusa, kwa ubani, na wakatoka bila kuchukua kitu. Kama mnataka pango au mti wa aina hiyo, tumieni adabu yenyewe kuwa kanuni: aliyeingia bila kuomba hapati msaada wowote humo, na aliyechukua kitu analazimika kukirudisha. Kombe msiliguse kabisa. Aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya mawaridi akanyweshwa mgonjwa ni ibada na matumaini ya watu walio hai, pengine ya mama yako. Msiipe namba wala msiitupie dadu. Na Pemba imechoka kuitwa kisiwa cha uchawi na watu wasiowahi kukanyaga Chake Chake. Mkiwapa waganga wenu elimu ya mimea, subira, na bei zinazojadiliwa kwa heshima, mtakuwa mmewatendea haki wazee na mmepata wahusika wazuri zaidi.

Kama mnatafuta mahali patulivu pa kumalizia safari, tazameni kisiwa cha Misali. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema basi kisiwa kile ndicho msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Huyo ndiye ambaye katika simulizi za Waislamu hutajwa pamoja na maji ya uhai. Msimfanye mhusika wa kuzungumza, mwongozaji asimwigize. Wekeni tu kisiwa kidogo ambako hakuna anayechomoa silaha, na ambako sumu haimzidi mtu mpaka alfajiri. Inatosha.

Mawe mengine nitayapitia haraka. Jiwe la tai ni jiwe lenye jiwe dogo ndani, ukilitikisa linalia. Warumi waliandika juu yake, na wajawazito walilifunga mkononi kuzuia mimba isitoke, kisha wakati wa uchungu likahamishiwa pajani. Mkunga angelifaa sana, kwa sababu kulisahau pajani kulihesabiwa hatari. Jiwe la chura lilivaliwa kwenye pete Ulaya, likidhaniwa linapata joto au kubadilika rangi penye sumu. Kwa kweli ni meno ya samaki wa kale yaliyogeuka mawe. Linafaa kwa kuonya, haliponyi.

La tatu ni jiwe la nyoka, na hapa natoka nje ya mchezo. Hilo jeusi linauzwa hata leo Afrika Mashariki. Ni kipande cha mfupa uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa sababu ya vitundu vyake vinavyofyonza unyevu, watu wakadhani linanyonya sumu, kisha huloweshwa katika maziwa ili itoke. Francesco Redi wa Italia aliyajaribu mawe yaliyoletwa kutoka India katika karne ya 17 akaona hayafai kitu. Mezani litumieni, ule ulowekaji wa maziwa unapendeza mno. Nyumbani, mtu akiumwa na nyoka mtulizeni, kiungo kisitikiswe, msimfunge kamba wala msimchanje, mkimbizeni hospitali. Naomba mliandike hilo kwenye kijitabu cha mchezo wenu, ukurasa ule ule wa jiwe, kwa herufi zisizo ndogo kuliko nyingine. Wadogo zenu wataucheza.

Limebaki jina. Mnaweza kuliita pazahari tu, lakini watu wa kisiwani huwa na jina lao kwa kila kitu kinacholetwa na wageni. Ningeliita Kokwa, kwa sababu ya kile kilicho katikati yake. Na ningefanya hivi: mkwaruzo wa 12 ukikatwa, mwongozaji asitangaze kwamba jiwe limekwisha. Aseme kwamba juu ya msio kimebaki kitu kidogo, cheusi, kigumu, alichokimeza mbuzi fulani katika milima ya mbali kabla wahusika wote hawajazaliwa, na kwamba ni kokwa ya mti ambao hakuna aliyepo pale anayeujua. Kisha anyamaze, awaachie wao waamue wataifanyia nini.